Jumanne Bi Bashira Hachomi Mikate

Saa tisa na nusu mchana, kichochoroni Sokomuhogo, Bi Bashira anachota kwa mkono unga uliokandwa kwa tui la nazi, laini kama uji mzito. Anaubandika ndani ya kikaango, anautandaza kwa ncha za vidole vilivyolowa maji, kisha ananyunyiza ufuta. Akiona chini umeshika, anakipindua kikaango chote, uso wa mkate uangalie makaa. Mkono hauungui, mkate haudondoki. Majiko ni matatu, naye ni mmoja.

"Bi Bashira, kesho niwekee kumi," anaita mwanamke mlangoni.

"Kesho Jumanne."

"Najua, lakini..."

"Kama unajua, lakini ya nini?"

Ndivyo anavyojibu siku hizi. Ana miaka hamsini na sita, na kwa miaka ishirini na saba amechoma mikate ya ufuta kila siku ya Mungu, mia na ishirini kwa siku, Ramadhani mara mbili yake. Mlango wake ulifungwa siku moja tu, alipofiwa na mumewe.

Mwezi wa tatu mwaka huu alianguka mbele ya majiko. Walipompima, presha ilisoma mia na tisini kwa mia na kumi.

"Daktari mwenyewe kijana, sawa na mwanangu. Akanambia, 'Mama, chagua siku moja kwa wiki usiguse moto. Usipochagua wewe, mwili utachagua, na utachagua kitanda cha hapa.' Nikachagua Jumanne. Jumanne haina harusi, wala si Ijumaa."

Siku hiyo inamkosesha kama shilingi elfu arubaini. Hilo alishalipigia moyo konde. Hesabu aliyoisahau ni ya majirani.

Jumanne ya kwanza alifunga mlango, akazima simu, akasaga liwa, mti wa kunukia wa kupoza ngozi, akajipaka uso, shingo na mikono yote yenye makovu ya moto, akalala. Saa nne jirani yake Salhiya akaona moshi haupo. Akabisha, kimya. Akapiga simu, haipatikani. Mtaani pale, mlango ule ukifungwa maana yake ni moja.

"Naamka saa sita nasikia vilio," anasema Bi Bashira, akikipindua kikaango kwa hasira. "Nafungua, wanaume wanabishana nani avunje mlango, wanawake kanga vichwani, na Mzee Usi wa msikitini keshatuma mtu akanunue sanda! Salhiya kuniona na liwa langu usoni, akapiga ukelele, akamwangukia Mzee Usi."

Salhiya, aliyekuja kuchukua mikate yake, hakubali lawama. "Ningejuaje? Mtu mzima analala mchana kweupe! Hata kuaga hakuaga."

"Nikuage wewe, nikilala kwangu?"

Kilichomkera zaidi ni kwamba hawakuondoka. "Wakasema, maadamu tushafika na mwenyewe mzima, alhamdulillahi, tunywe basi chai. Na chai bila mkate? Nilichoma themanini siku ya mapumziko yangu. Themanini!"

Jumanne ya pili akabandika karatasi mlangoni: MIMI MZIMA. LEO SICHOMI. Watu wakaisoma vizuri, kisha wakabisha. Wa kwanza alitaka mitatu tu, ya mgonjwa. Kufika adhuhuri, kila nyumba ina mgonjwa, na wagonjwa wote hawali ila mkate wa ufuta. Akachoma arubaini.

Jumanne ya tatu akakimbilia Makunduchi kwa dada yake, Bi Wanu. Alipokelewa kwa furaha kubwa. Ufuta ulikuwa ushachambuliwa, nazi zishakunwa.

Aliporudi kupimwa, presha ilikuwa pale pale.

"Kosa langu," anasema, sauti imeshuka. "Kila mara nnasema leo siwezi, halafu nnainuka. Watu wameshaniona nnainuka. Wataniamini kwa lipi?"

Jumanne ya nne akatoa majiko mawili na vikaango, akavipanga mlangoni kwa Salhiya. "Unga huo, ufuta huo, makaa hayo. Mimi nnakaa hapa." Akakaa barazani, miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi.

Mkate wa kwanza wa Salhiya ulianguka kwenye makaa. Wa pili pia. Wateja wakageuka. "Bi Bashira, inuka basi umwonyeshe!"

Miguu haikutoka kwenye beseni.

"Wallahi nilikamata baraza kwa mikono miwili nisiinuke," anasema.

"Aliniangalia hivi hivi naungua vidole!" Salhiya anadakia. "Ana roho ngumu huyu!"

Jioni Salhiya alimletea mmoja kwenye sahani, juu mweusi, katikati mbichi. Miaka yote Bi Bashira amekula ile iliyovunjika, tena ishapoa. Huu ulikuwa wa moto. Akaula wote.

Tangu hapo Jumanne ni ya Salhiya, na faida ni yake. Wiki iliyopita presha ilisoma mia na sitini. Bi Bashira anataka ishuke hadi mia na arubaini, na kwa hilo ana mpango ambao mtaa haujaambiwa: Jumanne atapumzika hata mwezi wa Ramadhani.

Salhiya anaweka chini kikapu chake. "Ramadhani? Mikate mia mbili na arubaini, peke yangu? Hapana, shoga. Hapana!"

"Umesikia anavyoitamka hiyo hapana?" anasema Bi Bashira, akipangusa mikono kwa kanga. "Mara ya kwanza tu. Mimi imenichukua miaka ishirini na saba."