Kochi la Baba na Mpangaji wa Jikoni

Kochi la baba yangu lilipita mlangoni kwetu kwa shida. Ilibidi mume wangu aung'oe mlango, na Baba akasimama kando akielekeza kwa kidole. "Kushoto kidogo. Msilivute, libembelezeni." Ungedhani wamebeba mgonjwa. Hiyo ndiyo siku aliyohamia kwetu. Alikuja na begi moja la nguo, sanduku la vifaa vyake vya kazi, na kochi hilo la watu watatu alilolitengeneza mwenyewe mwaka aliomuoa mama yangu. Vingine vyote alivigawa.

Baba alikuwa fundi wa makochi. Mimi shule niliiacha mapema, kwa hiyo utoto wangu mwingi niliumalizia kwenye kibanda chake, nikiokota misumari midogo iliyoanguka chini ya meza na kumpa. Aliitia mdomoni kiganja kizima, akaisukuma kwa ulimi mmoja mmoja, na kila mmoja akaupokea kwa ncha ya nyundo yenye sumaku. Mteja akija na maneno mengi, Baba alitikisa kichwa tu, maana mdomo ulikuwa umejaa. Mama alipenda kusema kwamba ndoa yao ilidumu kwa sababu ya misumari hiyo.

Mzee kuishi kwa mkwewe si jambo jepesi. Mume wangu alikuwa dereva wa gari la mikate, mtu mpole, aliyetoka alfajiri na kurudi mchana akinuka unga. Alimheshimu sana Baba. Lakini Baba hakutaka kujisikia mwenye nyumba. Nikimuuliza kama chakula kina chumvi ya kutosha, ananijibu, "Mimi mpangaji tu, mwanangu. Mpangaji haulizwi chumvi."

"Mzee, hapa ni kwako," mume wangu humwambia.

"Kwangu mlango ulikuwa unapitisha kochi."

Wanacheka, na mimi nacheka nao, lakini jicho langu haliondoki kwake. Ndivyo nilivyoumbwa. Mtu akikohoa chumbani nasimamisha kuosha vyombo nisikilize kama atakohoa tena. Nilimwangalia Baba akiinuka kwenye kochi, anavyoshika mkono wa kochi, anavyosimama kwanza kabla ya kupiga hatua. Nilikuwa nangoja kitu, sijui nini.

Kilichokuja kikawa sungura.

Kitindamimba wetu, binti wa shule, alirudi na boksi la viatu lililotobolewa matundu. Jirani wa mtaa wa nyuma, mama mmoja mfuga sungura, alikuwa amempa bure kwa sababu sikio moja lilining'inia na wateja walimkataa. Sisi tulikaa ghorofa ya pili, hatuna ua wala kibaraza cha maana. Baba alinyanyua miwani akachungulia ndani ya boksi.

"Huyu atalipa kodi?"

"Babu, ni sungura."

"Basi ni mpangaji, kama mimi. Tofauti ni kwamba mimi najua choo kilipo."

Jina likaganda hapo hapo. Mpangaji.

Mume wangu hakukataa, ila aliweka sharti moja, na alilisema taratibu ili mtoto alielewe: mnyama akijifunza kwenda haja mahali pamoja, atakaa. Akichafua nyumba, ataondoka. Nyumba ilikuwa ndogo, naye alirudi kutoka kazini akitaka kulala, si kuruka madimbwi.

Basi mafunzo yakaanza. Mama mfuga sungura alikuwa amempa binti yangu maelekezo, naye alinifundisha mimi na babu yake kama mwalimu mkuu. Asiachiwe nyumba nzima kwanza, afungiwe jikoni. Asipigwe wala kufokewa, maana ataogopa watu na ataendelea kukojoa. Tuangalie kona anayoipenda mwenyewe, tuweke trei hapo, si tunapotaka sisi. Vinyesi vyake na gazeti alilokojolea viwekwe ndani ya trei, ajue kwamba pale ndipo. Na nyasi kavu ziwe karibu, kwa kuwa sungura hupenda kula akiwa chooni.

"Hata mjomba wako yuko hivyo," Baba alisema. "Huingia na mkate."

Mpangaji alichagua kona nyuma ya mlango wa jikoni, ninapoweka fagio. Fagio likahama. Baba alifungua sanduku lake, ambalo halikuwa limefunguliwa tangu aje, akatengeneza trei ya mbao yenye ukuta wa mbele mfupi ili sungura aweze kuingia, akaibandika plastiki nene ndani, akaenda mwenyewe kwa seremala wa chini kuomba maranda. Niliposikia ile nyundo, nilisimama kwenye korido bila sababu. Ilikuwa sauti ya nyumba yetu ya zamani.

Siku za mwanzo mambo yalikwenda vizuri, halafu yakaharibika, na aliyeharibu ni mimi. Kila asubuhi niliiosha trei kwa sabuni na dawa ya sakafu mpaka ikanukia limau. Sungura akaingia, akanusa, akatoka, akaenda kukojoa chini ya meza. Nikaosha tena, kwa nguvu zaidi. Yeye tena chini ya meza.

"Mama, unamfutia," binti yangu alisema, karibu kulia. "Akirudi hakuti harufu yake, anadhani ni choo cha mtu mwingine."

"Kwa hiyo niache uchafu jikoni kwangu?"

"Kidogo tu."

"Mwache, mwanangu," Baba akaniambia. "Wewe hata kaburi ungelipiga deki."

Nikajizuia. Niliacha maranda machache yenye harufu kila ninapobadilisha, nikafuta chini ya meza kwa siki, na Mpangaji akarudi kwenye kona yake. Punde tukamfungulia mlango wa jikoni jioni. Alizunguka sebuleni, akalala miguuni kwa Baba, na haja ikimshika alikimbia jikoni, kucha zikigonga sakafu, tukisikia maranda yakichakurwa. Binti yangu alitembea kifua mbele. Ninapoikumbuka nyumba ile, naikumbuka kwa jioni zile: sungura chini, Baba juu ya kochi akisinzia, mtoto akifanya hesabu za shule kwenye mkono wa kochi.

Halafu kochi likalowa.

Mara ya kwanza Baba ndiye aliyeniita. Doa lilikuwa katikati ya kiti, ukubwa wa sahani. "Mpangaji wenu huyo," alisema. Nikafuta, nikalifunika kwa kanga. Mtoto aliapa kwamba sungura hajapanda kochi hata siku moja. Baada ya muda likalowa tena, na safari hii mume wangu alirudi kutoka kazini amechoka, akakaa juu yake.

Hakupiga kelele. Aliinuka, akagusa suruali yake, akaenda kubadilisha. Aliporudi alimwambia mtoto, "Tulikubaliana, mama. Kuna mwenzangu kazini anafuga. Jumamosi nitampelekea."

Sote tulijua yule mwenzake anafugia nini. Jioni ile mtoto hakula, akakaa jikoni sakafuni na sungura mapajani. Baba naye alikula nusu, akasema amevimbiwa.

Mimi nilikuwa na shaka langu. Mkojo wa sungura nilikuwa nimeufuta vya kutosha kuujua. Ukikauka huacha unga mweupe kama chokaa. Doa la kwenye kochi lilikauka bila weupe wowote, na harufu yake ilikuwa nyingine. Niliukataa moyo wangu. Nikasema labda ni kitambaa, labda ni chai.

Siku iliyofuata nilikwenda dukani kununua sabuni. Kabla ya kutoka nilimfungia sungura jikoni kwa komeo, kwa mkono wangu. Niliporudi, Baba alikuwa amesimama mbele ya kochi na kitambaa mkononi, anasugua. Alikuwa amevaa suruali nyingine. Ile ya asubuhi ilikuwa imelowekwa kwenye ndoo bafuni, na tangu nizaliwe sijawahi kumwona Baba akiloweka nguo.

"Amefanya tena," alisema bila kunitazama.

Nilitazama mlango wa jikoni. Komeo lilikuwa kama nilivyoliacha.

"Ndiyo, Baba. Lete hicho kitambaa, nitamalizia."

Akanipa. Mikono yake ilikuwa baridi.

Sikuwa na mahali pa kupeleka jambo lile. Nikinyamaza, mtoto anapoteza sungura wake kwa kosa lisilo lake. Nikisema, nitamvua nguo baba yangu ndani ya nyumba ya mkwewe, mtu ambaye hata chumvi hakutaka kuiomba. Mpaka Jumamosi nilikuwa nimeunguza sufuria mbili za wali.

Jumamosi mume wangu alileta boksi la mikate, akatandika gazeti ndani. Mtoto alijifungia chumbani akafunika kichwa kwa mto, hakutaka kuona. Sungura alinyanyuliwa kutoka kwenye trei yake akiwa bado anatafuna nyasi. Kwenda haja alikuwa amekwenda kule kule alikofundishwa.

Baba alisimama. Alikuwa ameibana midomo kama zamani alivyoibana misumari.

"Mweke chini huyo."

"Mzee, tulishakubaliana na mtoto. Kochi lako linaharibika."

"Kochi ni la nani?"

"Lako."

"Na aliyelalamika ni nani?"

"Wewe, Mzee. Wewe ndiye uliyetuonyesha."

"Basi nafuta malalamiko." Akapumua. "Nyumba hii ina wapangaji wawili. Mmoja amefundishika, yumo humo kwenye boksi. Mwingine amezeeka, hafundishiki tena. Ukimtoa mmoja, mtoe anayestahili."

Nilitazama sakafu. Nilisikia tu sungura akikwaruza boksi. Mume wangu akachuchumaa, akalilaza boksi ubavu, Mpangaji akatoka na kukimbilia jikoni.

"Mimi sijasikia kitu," mume wangu alisema. "Masikio yangu yamejaa unga. Nilichosikia ni kwamba sungura anabaki." Akafikiri kidogo. "Lakini, Mzee, kochi hilo halihitaji kutengenezwa? Kwa sababu ya sungura."

"Linahitaji," Baba akasema. "Kwa sababu ya sungura."

Mchana ule alilipindua kochi na kung'oa kitambaa cha kiti. Ndani kulikuwa na usumba, zile nyuzi za makumbi ya nazi, aliousokota akiwa kijana, na springi alizozifunga kwa kamba kwa mafundo ninayoyajua kwa macho. Aliukausha usumba dirishani, akatandika juu yake plastiki nene iliyobaki alipotengeneza trei, halafu sponji mpya, halafu kitambaa cha kufunga kwa zipu ili kivuliwe na kufuliwa. Mtoto alikuwa ametoka chumbani, macho yamevimba, sungura begani. Mimi nilikaa sakafuni nikiokota misumari na kumpa, mmoja mmoja, kama nilivyokuwa nikifanya. Hakuongea. Mdomo ulikuwa umejaa. Sijui kama nimewahi kukaa mahali nikawa na wasiwasi mdogo kuliko pale.

Ilikuwa kazi yake ya mwisho.

Tangu hapo mume wangu akirudi na mikate aliuliza kwanza, "Mpangaji ameamkaje leo?" Nami nikamjibu, "Vizuri, amelala mkavu," au, "Leo kuna kufua." Mtoto akipita alidhani tunamsema sungura. Baba alikuwa akiitikia kutoka kwenye kochi, "Mwambieni anasikia," akicheka peke yake.

Baba alitangulia, sungura akafuata mwaka uliofuata. Binti yangu sasa ana nyumba yake, na alipoliomba kochi nilimpa. Mlango wake ni mpana, limepita bila kubembelezwa. Mwezi uliopita alilipeleka kwa fundi libadilishwe kitambaa, akanipigia simu akiwa hapo hapo.

"Mama, fundi anauliza, hii plastiki iliyo ndani ya kiti ni ya nini? Anasema hajawahi kuona."

"Ya sungura," nikamwambia.

"Mpangaji? Sungura niliyemfundisha mimi mwenyewe?"

"Huyo huyo."

Nilisikia nyundo nyuma yake, fundi akiendelea na kazi nyingine. Halafu nikamsikia akigeuza uso kutoka kwenye simu na kusema, kwa sauti ya chini, "Fundi, usiitupe. Irudishe kama ilivyokuwa."