Koo la Mwanangu Halikatwi

Mwanangu wa kwanza alizaliwa na sauti kubwa. Miezi yake ya mwanzo, akishanyonya, alilala chali akivuta "aaa" na "uuu" ndefu, mdomo wazi, hadi majirani wakacheka. Kisha akajifunza kukaa, na badala ya sauti kuongezeka, zikapungua. Mtoto wa jirani, aliyezaliwa wakati mmoja naye, alishinda akisema ba-ba-ba na da-da-da, mate yakimchuruzika kidevuni. Wangu alikaa mkekani akinitazama tu.

Mama mkwe akaja kwetu mjini Baraka kutoka Lweba kututembelea. Alimpakata mjukuu wake, akasogea naye mlangoni penye mwanga, akamfungua mdomo na kumchungulia.

"Kimeo iko murefu," alisema. "Ndiyo inafunga sauti. Kule Kazimia kuko muzee moja anakataka. Kesho tunaenda."

Kimeo ni kile kinyama kinachoning'inia kooni. Nilikuwa nimemwona mtoto aliyekatwa mtaani kwetu. Alitapika damu hadi midomo ikapauka.

"Hapana, Mama."

"Unasema nini?"

"Nasema hapana. Mama, hebu sema 'baba'."

Alinitazama kama nimerukwa na akili, lakini akasema. "Baba."

"Sema tena, pole pole. Ni nini inafanya kazi? Ni midomo. Inafunga, inafungua. Hata 'mama' ni ile ile midomo. Koo inatoa sauti tu, na ya huyu inatoa sauti kuliko batoto yote ya hapa. Sasa kisu itamusaidia nini?"

"Hiyo uliisomea wapi?"

"Kwa kinywa yangu mwenyewe."

Ni kweli, sikuisomea. Nilikuwa nimemtazama yule mtoto wa jirani kwa wivu siku nyingi, nikarudia kila alichosema ili nione kinavyotoka. Kwa ba na ma nilihisi midomo ikigusana. Kwa da, ncha ya ulimi ilipiga nyuma ya meno. Hakuna hata moja iliyogusa kimeo.

Mume wangu, ambaye ni dereva wa pikipiki, aliporudi, mama yake alimweleza yote. Akanigeukia.

"Mama alitulea, akatukomalisha sisi wote, na wote tunaongea."

"Na wewe walikukata?"

Akamtazama mama yake. Mama yake akatazama uwanjani.

"Hapana," akasema mume wangu.

"Basi wewe uliongea na nini?"

Aliwasha pikipiki akaondoka bila kula. Sikumfuata. Nilichukua mfuniko wa sufuria, nikaenda nyuma ya mtoto, nikaugonga kwa mwiko. Hakugeuka. Niligonga tena kwa nguvu, kuku wakakimbia. Mtoto akaendelea kuchezea kidole chake cha mguu. Hapo nikakaa chini. Nililia, lakini kulia hakukunizuia kufikiri: atasemaje asichokisikia?

Asubuhi nilimfunga mgongoni, nikapanda pikipiki ya mtu mwingine hadi hospitali ya Nundu. Mama mkwe alisimama njiani akisema kwamba mtoto akibaki bubu, ubaya utakuwa juu yangu. Nilimwambia nakubali, uwe juu yangu.

Muuguzi alimwangalia masikio kwa taa ndogo. Yote mawili yalikuwa na usaha kwa ndani. Huku nje haukuwa umetoka. Alinipa dawa na kuniambia nirudi, kisha akaongeza, "Mukiongea naye, mumukaribie. Aone mudomo yako."

Nilirudi Nundu kila nilipoambiwa. Na niliongea! Nikianika dagaa tunaowaita ndakala, nikisonga ugali wetu wa bukari, nikifua, nilimweka mbele ya uso wangu na kumsemesha: ma, ba, pa. Wanawake wenzangu walinicheka. Niliongeza sauti.

Asubuhi moja alikuwa anatazama midomo yangu. Akafunga yake, akaikaza, akatoa "mmm". Kisha ikafunguka: "ba." Akashtuka mwenyewe. Akarudia, ba, ba, ba-ba-ba, hadi mate yakalowesha shati.

"Anamwita baba yake!" alisema mama mkwe, aliyekuwa amerudi kutusalimia.

Nilimwachia furaha hiyo. Mume wangu alimnyanyua mtoto juu. Baadaye aliniambia kwa sauti ya chini, "Ulifanya muzuri." Nilimjibu kwamba najua.

Sasa mwanangu yuko shule ya msingi na anaongea kupita kiasi. Sikio la kushoto halikupona vizuri. Mwaka huu mwalimu alimkalisha nyuma kabisa, akasema ni mtoto asiyesikiliza. Nilienda shuleni kabla ya kengele, nikaeleza habari ya sikio, nikaambiwa ningoje hadi mwezi ujao ndipo ahamishiwe mbele. Nikaketi kwenye dawati la mbele, mikono kifuani. Masomo yakaanza nami nikiwa hapo, watoto wakicheka chini chini. Mwalimu aliandika ubaoni kidogo, akageuka, akanikuta bado nimekaa. Akamwita mwanangu aje mbele, nami nikampisha.