Kasuku Alikuwa na Tike ya Kurudi

Mwanangu, kuna siku moja ya mwaka jana ambayo haitaki kunitoka kichwani. Nimesimama kwenye bandari ya Matadi, ngoma kubwa iko kwa miguu yangu, na mbele yangu kasuku ndani ya kitundu ananiangalia kama mutu anayeniheshimu kidogo sana.

Usicheke kuitwa mwanangu. Niko na miaka kumi na saba, wewe uko na kumi na mbili, juzi tu umefika hapa internat, bweni la shule yetu, na sanduku lako la bati. Mbele yako mimi ni muzee. Tena nimeona jina lako kwenye ile orodha iliyobandikwa kwenye mulango wa refekta, pale tunapokulia: wanaotaka kwenda kupiga ngoma melini. Umeliandika kwa herufi kubwa. Kwa hiyo kaa chini, uniache niseme.

Mwaka jana, wakati wa Pasaka, bwana moja mwenye kutembeza watalii kwa meli alifika Masisi, akasikia ngoma yetu kwenye misa. Akasema watalii wake wanachoka jioni baharini, wanahitaji kitu cha kuwaamsha. Akachagua Papa Anselme, aliyekuwa mwalimu wa mwaka wa tatu kwa miaka kumi na moja, nyele zake nyeupe, na mukono wake juu ya ngoma hauna mufano. Akachagua pia mwanafunzi moja wa kubeba ngoma na kumujibu kwa wimbo. Huyo ni mimi. Wengine walikuwa na nguvu kunishinda, lakini Papa Anselme alisema njia ni ndefu, afazali mutu mwenye kuchekesha.

Kila kitu bure, bwana alisema. Ndege kutoka Goma hadi Kinshasa, treni hadi Matadi, meli wiki tatu za likizo kubwa kando ya Afrika hadi kurudi tena Matadi, kula na kulala.

Sasa wewe unajua desturi yetu. Kwetu Ngungu, kwa Koko wangu, nyanya aliyenilea, musafiri haulizwi siku ya kurudi. Ukimuuliza ni kama unamuhesabia siku zake za kuishi. Watu wanamuletea mayai ya kuchemsha na mihogo ya kuchoma, wanamushika mukono, wanasema "uende muzuri," na wananyamaza. Hiyo njo adabu. Basi hakuna aliyetuuliza. Koko hakuuliza, mukubwa wa masomo hakuuliza, muke ya Papa Anselme hakuuliza. Na Papa Anselme mwenyewe, mutu aliyenipa sifuri kwa sababu ya nukta moja, hakumuuliza yule bwana, maana tungeonekana kama watu wa kuhesabu zawadi ya mwenzao.

Ya baharini sitasema mengi. Nilitapika tangu siku ya kwanza. Nilipiga ngoma na ndoo kando yangu, na watalii waliipiga ile ndoo picha, wakafikiri ni desturi ya Masisi.

Siku ya mwisho, pale bandarini, bwana alitupa karatasi ya asante yenye tampo, ule muhuri wa biro. Papa Anselme aliisoma mara mbili, akageuza nyuma, nyuma haikuwa na kitu.

"Bwana, na ya kurudi?" akauliza kwa upole.

"Kazi yenu imeishia hapa."

"Sisi ni watu wa Masisi."

"Mutaona ndege. Ziko mingi."

Akamupita. Nyuma yake alikuja mama moja mutalii mwenye kofia, na kasuku aliyemununua njiani. Kwenye kitundu kulikuwa na kikaratasi kimefungwa na kamba. Nilikisoma, mimi ninasoma kila kitu. Ilikuwa tike ya ndege. Kasuku alikuwa amelipiwa njia mpaka Ulaya, mwanangu, kasuku ambaye katika wiki tatu hakupiga ngoma hata mara moja.

Zilibaki siku tisa masomo yafunguliwe. Mukubwa wa masomo alikuwa amesema wazi mbele ya wote: mwalimu asiyeonekana siku ya kwanza, darasa lake linapewa mwingine, na mwanafunzi vile vile, kitanda chake. Kwa hiyo tulimaliza pesa zetu karibu zote kwa treni ya Kinshasa, tukakimbilia biro ya ndege.

Kijana wa biro alikuwa na tai nyekundu. "Kwenda na kurudi, ao kwenda tu?"

"Kurudi tu," Papa Anselme akasema.

"Hiyo njo aller simple, njia moja." Akataja bei. Simple, maana yake rahisi, ilikuwa kwa yeye tu. Papa Anselme alivua kofia kama mutu aliyepewa habari ya kifo. Mushahara wake ungeliwa mpaka Pasaka ingine. Akauliza watalii wanaokwenda Goma wanalipa bei gani. Kijana, bila haya, akasema wao wanalipa kidogo, maana wananunua wote pamoja, mbele ya safari, kwenda na kurudi kwa mara moja.

Nilikasirika mpaka leo sijapoa. Mugeni anayekuja kututazama analipa kidogo; mwenye inchi anayerudi nyumbani kwake njo anakamuliwa.

"Na nikiingia ndani ya kitundu?" nikamuuliza yule kijana.

"Wanyama wanalipiwa kwa kilo."

Papa Anselme aliniangalia toka kichwa hadi miguu. Ninaapa alikuwa ananipima.

Siku tano tulirudi kwenye biro ile, tukakalia benchi lile lile. Siku ya sita, tukipita sokoni kutafuta mukate, nilisikia mutu anatukana mashu, kabichi zilizooza, na anayatukana kwa Kiswahili cha kwetu. Nilitaka kumukumbatia. Alikuwa Mama Kavira, mufanya biashara wa Butembo, anayeletewa mashu na maharagi kwa ndege kutoka Goma.

"Batoto ba kwetu, na ngoma huku, munatafuta nini?" Papa Anselme naye alikuwa ndani ya hao batoto.

Tukamueleza. Alisikiliza, mikono kiunoni.

"Munatafuta avio, ndege, kwa biro? Biro inauzisha viti. Muntu wa Kivu anatafuta mwenye kuuzisha mashu. Avio inatoka kwetu imejaa mpaka mulango haufungike. Kurudi inarudisha makayabu kidogo, samaki mukavu, na chumvi, tumbo wazi. Pilote anamubeba muntu kwa bei ya gunia."

"Hatukujua, Mama," Papa Anselme akasema.

"Weye muzee, mwalimu, unatoka kwako haujue utarudi na nini? Na huyu mutoto wa bantu nyuma yako?"

Papa Anselme alivua kofia tena.

Mama Kavira alitupeleka mwenyewe Jumamosi. Ndege ilikuwa na nafasi moja tu, kibenchi cha fundi; siku ile tu, ingine yote ilijaa makayabu. Ndege ya pili iliharibika, hakuna aliyejua itapona lini.

"Panda," Papa Anselme akaniambia.

"Na darasa lako, Papa?"

"Panda. Mimi nitakuja."

Nilimushika mukono. Nikamwambia abaki muzuri. Nikanyamaza, kama nilivyolelewa.

Jumatatu wakati wa kuita majina nilikuwa kwenye mustari, ninanuka makayabu. Kitanda changu kilipona, hata kama wenzangu walikihamishia karibu na dirisha. Mbele ya mwaka wa tatu alisimama kijana fulani na chaki mupya.

Papa Anselme alifika mwisho wa mwezi wa kumi. Tulikuwa kwenye mupira wakati wa mapumziko nikaona ngoma inateremka kilima, na chini ya ngoma mutu. Alipanda boti ya muto mpaka Kisangani, akaomba malori, kamyo kwa kamyo, mpaka Walikale, daraja lilikuwa limeanguka, akatembea na miguu kupitia Ntoto. Viatu vilining'inia shingoni. Mukubwa wa masomo alimupa kiti na maji, akamwambia nafasi imejaa. Miaka kumi na moja, mwanangu. Imejaa.

Noeli nilimusimulia Koko. Alikuwa anachagua maharagi, mikono yake ikasimama.

"Ulimuacha kule?"

"Alisema atakuja."

"Haukumuuliza atapita njia gani?"

"Koko, weye mwenyewe ulinifundisha. Musafiri haulizwi."

"Nilikufundisha usiulize siku. Siku ni ya Mungu. Njia ni ya bantu, njia inaulizwa." Akarudia maharagi yake. "Muzee wa nyele nyeupe, ngoma juu ya kichwa, kutoka Walikale."

Nilichuchumaa, nikachagua maharagi pamoja naye.

Na sasa yule bwana ameandika tena. Anataka wapiga ngoma wengine, eti wachangamfu. Papa Anselme analima maharagi nyuma ya kanisa la paroise, Jumapili ninamubebea ngoma, na barua ya yule mutu iko kwenye mulango wetu, na jina lako chini yake.

Basi nasaha yangu ni hii. Mutu akikupa safari ya bure, mbele ya kusema asante uliza: ninarudi na nini, nani analipa, karatasi iko wapi. Uliza watu wakiwa wanasikia. Akikasirika, amekwisha kujibu. Ukikwama mbali, usikalie benchi la biro, tafuta wenye kubeba chakula cha kwetu, maana wao njo wanajua ndege gani inarudi tumbo wazi. Na mwenzako akikuambia "nitakuja," mushike mukono, lakini usimuachilie mpaka akutajie njia.

Mungu akupe safari, mwanangu, hata ya bahari kama unaitaka sana. Akupe tumbo gumu kuliko langu. Na kila ukitoka, akuwekee mulangoni mutu asiye na adabu, wa kukuuliza utarudi na njia gani. Leo mutu huyo ni mimi. Jibu.