Maji ya Sufuria na Maziwa ya Kendi

Siku yangu ya kwanza kwenye kituo cha umeme wa nyuklia, kule Ghuba, niliingia na penseli sikioni, vile tulivyozoea sisi mafundi wa kuchomelea wa Ruiri, huku Meru. Fomani akanisimamisha mlangoni.

"Wewe, Meru! Toa hiyo. Ikianguka ndani ya bomba, mvuke utaibeba kama risasi mpaka kwa turbaini."

Turbaini, vijana, ni gurudumu kubwa la mapanga ya chuma. Mvuke unalisukuma, linazungusha jenereta, stima inatoka. Tangu siku hiyo mifuko yangu ilizibwa kwa tepu na kila nyundo ikafungwa kamba. Shule niliiacha darasa la sita, lakini weldi zangu, yaani maungio niliyochomelea, zilipigwa eksirei kutafuta nyufa na hakuna iliyorudishwa. Hakuna!

Injinia mkuu, mama mpole, alinieleza mengine. "Kuni zetu ni madini ya urani. Haiwaki. Chembe zake zinapasuka, zinatoa joto, joto linachemsha maji."

Nilirudi likizo kumwona binti yangu Kendi, aliyezaliwa nikiwa huko. Mke wangu akamkumbatia, akarudi nyuma.

"Baba Kendi, usimguse. Sokoni wanasema mnakuja na mionzi kwa ngozi."

"Na usiku tunang'aa kama taa ya bodaboda?"

"Usinichekeshe. Mtoto ni huyu mmoja."

Nikamwambia tunapimwa mionzi kila tukitoka langoni. Wapi! Nililala sebuleni kama mgeni, nikimsikia mwanangu akilia chumba cha pili.

Asubuhi nikaona chupa ya maziwa imesimama ndani ya sufuria ya maji moto.

"Mama Kendi, hayo maji yameingia kwa maziwa?"

"Yaingie vipi, na chupa imefungwa?"

"Na maziwa yamepata moto?"

"Yamepata."

"Basi ndiyo hivyo. Maji yanayopita kwa urani ni hayo ya sufuria. Yanayogeuka mvuke ni kama hayo maziwa. Yanapeana joto tu, katikati kuna chuma."

"Chuma kikivuja?"

"Wapo wa kupima, kutwa kucha. Na sisi wa kuchomelea. Tangi letu la maji nilichomelea mimi. Limewahi kuvuja?"

Alilitazama tangi kupitia dirisha.

"Halijavuja," akasema, akaninyooshea mtoto.

Sasa nimestaafu. Nina karakana hapa Ruiri, na hadi mjini Mikinduri hakuna ya kuifikia. Stima ikipotea, naukumbuka mngurumo wa ile turbaini; ulikuwa unausikia kwa nyayo kabla ya masikio. Nimebeba vyuma vizito maishani. Lakini mzigo nilioushika kwa uangalifu kuliko yote niliupokea asubuhi ile, nao ulikuwa unanuka maziwa.