Kompyuta Iliyoanikwa Pamoja na Makopa

Niliamini, tena kwa moyo wangu wote, kwamba kompyuta iliyotoka Ulaya haishiki mtandao wa Tanga mpaka ianikwe juani siku saba. Sababu yake niliiona wazi kama mchana: kadi yake ya kunasia mtandao imezaliwa kwenye theluji, ikifika kwenye joto letu inapigwa na bumbuwazi. Inauona mtandao lakini inaogopa kuingia. Ianike, izoee, itaingia yenyewe. Aliyeniambia ni mwenzangu tuliyesoma naye shule ya jioni, wakati huo karani bandarini, mtu ambaye makontena yalifunguliwa mbele ya macho yake. Ningembishia kwa lipi?

Msinicheke upesi. Sisi tuliokulia kwenye foleni za sabuni tuliuamini uvumi kuliko redio. Miaka ile ya dhiki, ukisikia mafuta ya taa yameshushwa Makorora unakimbia na dumu lako kwanza, kuuliza baadaye. Mimi niliwahi kukimbia kutoka Usagara mpaka Ngamiani kwa kiatu kimoja, kwa sababu mtu nisiyemjua alipiga kelele "Khanga!", na kweli nikarudi na doti mbili. Uvumi ukishavaliwa na mama yako mzazi, utaachaje kuuamini? Baadaye ikaja biashara huria, na vitu vikaja vyenyewe bila foleni: fulana, friji, baiskeli, mwisho kompyuta, vyote mitumba. Uvumi haukuondoka. Ulibadilisha bidhaa tu.

Kompyuta yangu, ya kupakata, ilikuwa nzito kiasi kwamba ukiipakata saa nzima miguu inakufa ganzi. Niliinunua kwa ajili ya jambo moja. Nilikuwa nimeposa.

Binti niliyemposa alikuwa karani wa kompyuta katika ofisi ya wakili mjini. Baba yake, mzee wa Kipemba mwenye duka la mchele, aliipokea barua yangu ya posa kwa mikono miwili, akaisoma mara tatu, akanitazama juu ya miwani.

"Maandishi mazuri. Umeandika mwenyewe?"

"Mwenyewe, Baba. Shule ya jioni."

"Hm. Lakini mimi si mkubwa. Mkubwa wa ukoo wetu yuko Maskati. Bila neno lake mimi sina neno, na neno lenyewe nalitaka la maandishi. Simu ya Maskati hukatika kabla salamu hazijaisha."

"Aandike barua pepe, Baba! Inafika kabla hajanyanyuka kitini."

"Ikasomwe wapi? Kwenye kibanda cha intaneti, mbele ya vijana wanaotazama mieleka? Jibu la mwanangu?"

"Hapana, Baba. Hapa hapa barazani kwako. Mimi nina kompyuta yangu."

Sikuwa nayo. Niliinunua kesho yake.

Mtandao ulikuwepo. Ukuta kwa ukuta na nyumba ya mzee palikuwa na gesti yenye intaneti isiyo na waya, na mwenye gesti, kwa ujirani, alimpa mzee neno la siri kwenye kipande cha karatasi, naye akakitia ndani ya kofia yake. Binti angeweza kuipokea barua hiyo ofisini kwake bila kutoka jasho, lakini nani amewahi kuona mwari akijisomea jibu la posa yake? Tena, kwa ada ya nyumba ile, tangu posa ilipopokewa mimi na yeye tulikatazwa kusemezana. Nikimkuta dukani nilitazama dari, naye alihesabu punje za mchele.

Mzee akaweka mpaka. Jibu lisomwe Ijumaa ya wiki ya pili, baada ya sala, mbele ya wazee. Likishindikana, yuko mfanyabiashara wa Moa mwenye pikipiki mbili, ambaye posa yake ilikuwa imeshapiga hodi, na ambaye mkubwa wa Maskati alimjua tangu akitambaa.

Siku ya kwanza nilikaa barazani, nikafungua mashine. Jina la gesti likatokea kwenye kioo. Nikaandika neno la siri. Kialama kikazunguka, kikazunguka, kikachoka. Nikaandika tena kwa kidole kimoja, herufi moja moja, kama mtu anayetegua bomu. Kikazunguka, kikachoka. Nikazima, nikawasha, nikaihamishia dirishani, nikaiinua kichwani. Binti alikuwa mlangoni na sinia la kahawa. Alifungua mdomo, baba yake akakohoa, akaufunga.

Ndipo nilipokwenda kwa mwenzangu wa bandarini, akanipa dawa ya jua.

Shangazi yangu, niliyekuwa nikikaa kwake, alikuwa ameanika makopa ya muhogo uani, kwenye jamvi kubwa. Nikasogeza makopa, nikaitandika kompyuta katikati, kifuniko wazi. Jua la Tanga mnalijua. Lile la mwezi ule lingeweza kuchemsha chai ndani ya kisima.

"Na hicho nacho tutakisaga tusonge bada?" shangazi akauliza.

"Shangazi, hii ni elimu."

"Elimu imeanza kuchuruzika, angalia miguuni." Na kweli, vile vijipira vinne vya chini vilikuwa vimelainika vikashikana na jamvi.

Jirani akachungulia juu ya ua. "Igeuze, ndugu yangu, upande huo umeshaiva!"

Siku saba niliigeuza asubuhi na adhuhuri. Kuku walinijua. Watu walitoka mitaa mitatu kuja kuniuliza kama redio nazo zinaanikwa, nami niliwajibu kwa kirefu.

Jumatano nikairudisha barazani, imekauka kama papa. Nikaandika neno la siri. Kialama kikazunguka, kikachoka.

Mzee akakirudisha kile kikaratasi ndani ya kofia. Kisha akasema taratibu, "Keshokutwa ni Ijumaa, kijana. Yule wa Moa kaniuliza jana."

Usiku ule sikula hata bada. Alhamisi asubuhi nilikuwa kwa fundi, Mshambaa mmoja, Mlutheri wa makamo, zamani fundi saa. Zilipoingia saa za bei ya karanga, zile ambazo zikifa hutupwa, alihamia kwenye kompyuta na bisibisi zake zile zile.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mgonjwa anasemaje?"

Nikamsimulia yote, na jua. Aliinua mashine puani. "Inanuka muhogo," akasema. "Twende huko kwenye mtandao wenyewe."

Tukakaa kwenye ngazi ya gesti, mzee akitutazama kutoka barazani kwake. Fundi akafungua kompyuta yake mwenyewe, akaandika lile neno la siri. Ikaingia mara moja. Akaandika neno lile lile kwenye yangu. Ikazunguka.

"Mtandao mzima, neno sahihi," akasema. "Kasoro iko humu."

Akaigeuza kifudifudi, akafungua kifuniko kidogo cha chini chenye skrubu mbili. Ndani palilala kadi isiyozidi kidole gumba kwa upana, imeshikwa na nyaya mbili nyembamba kama tambi, moja nyeusi, moja nyeupe. Akazibandua kwa kucha, akaichomoa kadi, akachagua nyingine kutoka kopo la kahawa alilokuja nalo. Akaichomeka, akazibonyeza zile nyaya, ta, ta. Tukawasha. Kioo kikaandika kwamba kadi hiyo haitambuliwi, na mashine ikagoma kuendelea.

Moyo wangu ukaenda Moa ukapanda pikipiki.

"Usilie," fundi akasema. "Hizi za kampuni hii zina madeko. Zinakubali kadi za kwao tu. Dukani ninayo maiti ya ukoo huu, mpya kidogo kuliko yako. Nisubiri."

Alirudi baada ya alasiri. Akaichomeka kadi ya marehemu, ta, ta, akawasha. Mashine haikugoma. Nikaandika neno la siri. Kialama kikazunguka mara moja tu, kikatulia. Fundi akaanza kunieleza jambo kuhusu kadi, lakini sikumsikia, maana nilikuwa nimeshamkumbatia, miwani yake imeingia kwapani mwangu.

Ijumaa wazee sita waliketi barazani. Nikaifungua barua pepe ya Maskati, iliyotumwa kwenye anwani yangu, nikaisoma kwa sauti ya taarifa ya habari. Nusu ya kwanza ilikuwa salamu: kwa wakubwa, kwa wadogo, kwa jirani wa mkono wa kulia, mpaka kwa mtu aliyekuwa ameshafariki. Kisha ikasema: "Kuhusu posa. Huyu wa Moa namjua, hana ila. Huyu wa pili simjui, ila nimesikia kwa simu, kabla haijakatika, kwamba anaanika kompyuta pamoja na muhogo ili apate kunisoma. Nimecheka mpaka mke wangu katoka jikoni kuniuliza. Mpeni huyo. Nyumba yao haitakosa kicheko."

Mzee akaivua kofia, akaivaa tena. "Umesikia," akaniambia. Ndani ya nyumba vigelegele vikapasuka.

Hapo, kwa furaha, nikasimama nikawahutubia wazee juu ya jua. Nikaeleza jinsi siku saba zilivyoilainisha mashine, kisha kadi mpya ikapata pa kukaa. Wazee wakatikisa vichwa kukubali. Mmoja akasema atajaribu na friji yake.

Tukaoana. Tulipoachwa wawili kwa mara ya kwanza, nami nikingoja neno tamu baada ya kunyamaziana kote kule, mke wangu alifunua ushungi, akavuta pumzi.

"Nimelishika hili mdomoni tangu siku ile ya sinia la kahawa," akasema. "Jua halikufanya kitu. Kadi ile ilitengenezwa kabla hii namna mpya ya kufunga mtandao kwa neno la siri haijaanza kutumika. Ilikuwa inauona mtandao, lakini kufuli lake hailijui. Fundi kaweka kadi inayolijua, ikaingia. Ungeianika mwaka mzima, ingekuwa vile vile."