Risasi za Kwenye Kanga

Enzi za Ujamaa nilikuwa karani huko Temeke, na Jumapili nilikuwa hodari wa kulenga shabaha. Bunduki tulifundishwa kwenye mgambo, kisha pale kazini tukaunda timu yetu ya mchezo, tukapewa kiwanja kwenye machimbo ya mawe yaliyoachwa, Boko. Wanaume walisema napata kwa bahati. Bahati hiyo iliwashinda kila wiki, nami sikuwaonea huruma.

Nilipopata mimba ya kwanza nilikwenda kliniki, nikamweleza mkunga kuhusu mchezo wangu. Alikuwa mama mtu mzima, si mwingi wa maneno.

"Mwanangu, wewe na risasi basi," akasema. "Risasi ni sumu kwa mtoto. Na mlio nao, mtoto anausikia humo ndani."

Hiyo sumu niliichukulia kuwa msemo tu. Kwangu risasi ilikuwa kitu kinachotoka kwenye mtutu. Nikatii. Bunduki nikaiacha, na wenzangu walipokuwa wakipiga, mimi nilikaa mbali, kule barabarani, mpaka milio iishe. Ndipo nikapewa kazi niliyoiona nyepesi: kuchekecha mchanga wa nyuma ya shabaha na kuokota risasi zilizobonyea, maana nahodha wetu aliziyeyusha akawatengenezea wavuvi wa Kunduchi chubwi za kuzamishia mishipi. Nilizipakata kwenye kanga, juu ya tumbo lenyewe, huku natafuna muhogo wa kuchoma kwa mkono uleule. Nilijiona mama mwenye busara kuliko wote.

Mimba ilipofika miezi sita, mkunga akaviona vidole vyangu.

"Mbona vyeusi hivi?"

"Risasi tu, mama. Sipigi siku hizi, naokota."

Akaniuliza nimeokota tangu lini. Nikamwambia.

"Sumu ni hilo dude lenyewe unaloshika, madini ya risasi yenyewe," akasema taratibu. "Kama hukunielewa, kwa nini hukuuliza?"

"Niliona haya, mama. Nisionekane mjinga."

"Mficha uchi hazai," akasema, na mimi nimesimama mbele yake na tumbo hilo. Hakucheka. Alinishika mkono hadi bombani, akanisugua vidole kwa sabuni yeye mwenyewe.

Nilimkasirikia siku nzima. Kisha hasira ikahamia kwangu, na huko ndiko imebaki.

Mwanangu alizaliwa salama, ila alitimiza miaka mitatu hajasema neno. "Wa kiume huchelewa," mama mkwe alinituliza. Nilikaa naye uani nikimtajia vitu: ndoo, kuku, jiko. Nilimuuliza mkunga kama ni zile risasi. Akasema hajui, na nilimshukuru kwa kutonidanganya.

Akaja kusema, tena akasema sana. Leo ni mwalimu, akianza hadithi wanawe wanamkimbia. Lakini akisita kidogo kutafuta neno, mikono yangu huanza yenyewe kujifuta kwenye kanga.