Mume wangu anamjengea marehemu binti yetu nyumba kwenye gemu, kaburi hataki

Admin, nifichie jina, mume wangu anausoma ukurasa huu. Nina miaka 41, nashona nguo hapa Kwa Mrombo, Arusha. Mwaka jana tulimzika binti yetu wa pekee, nimwite Upendo. Alikuwa na selimundu.

Siku za maumivu Upendo alikaa kitandani na simu ya baba yake, akicheza gemu la kujenga kwa vitofali. Unaachiwa dunia nzima, milima na mito, ujenge utakacho. Alinipa nijaribu. Nikauliza, "Nashindaje?"

"Hakuna kushinda, mama. Unajenga tu."

"Na nikimaliza?"

Akacheka hadi akashika mbavu. "Mama nawe! Humalizi."

Nikamrudishia simu. Mimi nikishona gauni, mteja analivaa anaondoka. Kazi isiyo na mwisho inanichosha roho. Baba yake ndiye aliyekuwa saidia fundi wake, anatumwa kuchimba mawe, akichelewa anaitwa mzembe.

Sasa kila akitoka kazini anaingia humo. Ameongeza ghorofa kwenye nyumba ya Upendo. Juzi aliniita, "Njoo uone, kondoo wake bado wapo." Nikatazama. Wako palepale alipowaacha, hawajazeeka, hawajazaa. Nilitoka nje nikalia. Wapo wanaofurahia dunia ya namna hiyo. Mimi inanitisha, kila kitu kinamsubiri mtu asiyerudi.

Kwetu Meru kaburi hujengewa, mchungaji akaombea, ndugu wakala pamoja, wafiwa wakapumua. Mama mkwe ameshaleta mchanga na matofali pale migombani tulipomzika. Ananiambia, "Mama Upendo, mvua zikianza udongo utatitia. Mtoto alale hivyo kama hana wazazi?"

Mume wangu anajibu, "Nimalizie kwanza nyumba yake."

Nikamwambia, "Baba Upendo, hiyo haiishi."

Akasema kwa sauti ya chini, "Ndiyo maana naipenda. Lile la kule likishajengwa, sitakuwa na kitu kingine cha kumfanyia."

Shemeji anasema fundi anakuja Jumamosi, na mimi mama mzazi nikiridhia inatosha. Nikiridhia, mume wangu atakuta kaburi la mwanawe limejengwa bila mkono wake. Nikikataa, mvua zitamkuta mtoto vilevile. Nyie mliowahi kuzika mtoto, mngekuwa mimi mngefanyaje? Naomba mniambie kabla fundi hajaanza kuchanganya zege.